Chipukizi la Tuda

Siku shemeji yangu Addi alipotangazwa rais wa chuo kikuu, nilikuwa kwa Bassu, mwenye mgahawa wetu, nainyonya glasi ya chai ya mnanaa iliyokwisha poa. Televisheni ikamwonyesha amefunga tai, anapeana mikono na watu wenye matumbo. Bassu akaongeza sauti.

"Faska, yule si mdogo wa marehemu mkeo?"

"Ndiye."

"Basi leo chai ya watu wote iko juu yako. Shemeji rais, wewe suruali ina viraka, haipendezi."

"Mpigie simu akununulie yeye. Yeye ndiye aliyepanda cheo."

"Na wewe umepanda nini?"

"Matikiti ya watu," akajibu mwingine kutoka nyuma. Wakacheka wote, nami nikacheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli.

Zamani hapa Tazarut hapakuwa na mtu aliyefanya kibarua kwenye matikiti. Tulikuwa na mitende. Ukisimama juu ya paa la nyumba yoyote uliona kijani kitupu kuanzia mlimani mpaka pale mto unapopotelea mchangani, na kila mti ulikuwa na mwenyewe na ugomvi wake. Leo ukisimama juu ya paa hilo hilo unaona vigogo visivyo na vichwa. Uliofanya hivyo ni ugonjwa tunaouita bayudi. Lakini ugonjwa hauna miguu. Ulibebwa, na wenye amri ya kuuzuia walikaa kimya. Mmoja wao ni huyo mwenye tai.

Addi alikuwa mtoto wa mitende kabla hajawa mtoto wa vitabu. Baba yake, yaani mkwe wangu, alimsomesha kwa tende. Mti mzuri kuliko yote, ule wa karibu na kisima, tende zake hazikuliwa nyumbani; ziliuzwa kila mwaka zikalipia bweni la mjini. Tuda, dada yake mkubwa, aliyekuja kuwa mke wangu, alitolewa shule akiwa mdogo ili abaki kuchota maji na kubeba majani ya mbuzi. Hakuna aliyemuuliza. Addi akaenda Rabat, akaenda Ufaransa, akarudi daktari. Tukauliza daktari wa nini. Tukaambiwa wa mimea. Bibi mmoja hakuelewa, akamletea mbuzi anayehara. Addi akamtazama yule mbuzi kwa heshima zote, akasema, "Bibi, angekuwa na majani ningemtibu." Walimpenda kwa maneno hayo. Hata mimi nilimpenda.

Sikatai, kazi alikuwa anaijua. Aliajiriwa kituo cha utafiti, akawa anatafuta mtende utakaostahimili bayudi, maana kusini yote ilikuwa inakufa. Tuliobaki salama tulikuwa sisi Tazarut na wenzetu wa Amsad, bonde la nyuma ya mlima wetu. Kila alipokuja na wanafunzi wake alilala kwetu. Alfajiri yuko shambani, anapapasa makuti kama mkunga anayepapasa tumbo. Tuda alikuwa akimcheka: "Mdogo wangu, mtende hauzai kwa kupapaswa." Na yeye alimwahidi dada yake kwamba mche wa kwanza atakaoupata, ule usiougua, utapandwa kwetu.

Mwaka ambao binti yetu Ijja alianza kutembea, Addi alikuta kuti jeupe katika shamba lililo nyuma ya nyumba ya mkuu wa kijiji. Bayudi huanza hivyo. Kuti moja tu, katikati ya kichwa cha mti, linanyauka upande mmoja, linakuwa kama limenyunyiziwa majivu, na upande wa pili bado kijani. Ukishaliona, mti umekwisha, na machipukizi yaliyo miguuni pake yamekwisha nayo, hata kama yanameremeta. Dawa yake ni kung'oa, kuchoma, kuzungushia ua, na mtu asihamishe kitu kutoka humo.

Addi akaenda kwa mkuu wa wilaya. Yule bwana akamkalisha, akamnywesha chai, akamwambia sikukuu ya tende imefika, waziri anakuja, wanunuzi wanatoka nje, subiri ipite. Addi akasubiri. Ilipopita akaambiwa subiri na mavuno. Akasubiri. Wakubwa wa nchi hii ndivyo walivyo, ukiwaambia nyumba inaungua wanakuuliza kama moto unaweza kungoja wageni waondoke. Na baada ya mavuno, huku kwetu, ni arusi.

Arusi ya kwetu haiendi bila chipukizi. Bi arusi haondoki kwao mikono mitupu. Anaondoka na chipukizi la mtende wa mama yake, likapandwe shambani kwa mume, ili siku akigombana na wakwe awe na kivuli cha kwao cha kukaa. Asiye na chipukizi, watu husema mama yake hakumtoa kwa moyo. Msimu ule waliolewa wasichana wengi. Machipukizi yalipita kutoka shamba hili kwenda lile kwa ngoma na vigelegele, na Addi alikuwepo, alialikwa, alikula nyama.

Waya wa kuzungushia ulikuja mwaka uliofuata. Ulizungushiwa miti iliyokwisha kufa.

Mkuu wa wilaya akapandishwa akahamia kaskazini. Addi naye akapandishwa. Akawa mkuu wa kituo, kisha akaitwa chuoni kufundisha, kisha mkuu wa kitivo, kisha makamu, kisha huyo tuliyemwona kwa Bassu. Aliandika juu ya mitende yetu, akawasomea watu wa ng'ambo jinsi ugonjwa ulivyotutembelea shamba kwa shamba. Nani angejua vizuri kuliko yeye? Na ile miche yake isiyougua, aliyokuwa akiilea mwenyewe kwa mkono, vikao viliila. Aliwaachia wengine, wengine wakaacha bomba la maji limefungwa sikukuu nzima. Mche wa Tuda haukuja.

Haya ya kunyamaza kwake nayajua kwa sababu alikuja akamwambia Tuda mwenyewe. Alikaa jikoni kwenye mkeka, mtu mzima na koti lake, akalia. Tuda alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda. Alipomaliza alimmiminia chai, akamwambia, "Kunywa, inapoa." Basi. Akamsamehe namna hiyo. Mimi sikuombwa msamaha na sikusamehe.

Tulipoishiwa mitende tukaenda kwenye matikiti, mimi na yeye, kwenye mashamba ya matajiri yanayonyonya maji chini ya miguu yetu. Kifua chake kiliharibika huko kwa zile dawa wanazonyunyiza. Siku alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta hayakuwepo. Addi alikuja mazikoni na dereva wake. Aliponishika mkono niliutoa.

Baada ya hapo ikawa ndiyo kazi yangu ya jioni kwa Bassu. Watu walikuwa wakinichokoza makusudi, "Faska, hebu tueleze Mheshimiwa alivyopanda ngazi," nami naeleza, naongeza chumvi, wanacheka, wanatukana, tunakwenda kulala tumeridhika.

Mtende mmoja tulibaki nao. Tuda aliupanda mwaka aliozaliwa Ijja, peke yake, kando ya kisima chetu, mbali na mfereji wa wengine, kutoka kwenye ule aliokuja nao yeye alipoolewa. Mtende mama ulikufa, mwana akabaki. Miguuni pake palikuwa na chipukizi moja, la mwisho, na Tuda alikuwa akilifunika kwa magunia wakati wa baridi akisema hilo ni la Ijja.

Sasa Ijja akaposwa na Bihi, kijana wa Amsad. Amsad bado ni wazima. Mitende yao mpaka leo inaficha nyumba. Mama yake Bihi, Bi Hadda, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, alikuja kuposa akaniambia, "Mkwe, mahari tutaelewana. Ninachotaka ni lile chipukizi la Tuda. Shimo nimeshaanza kulichimba."

Wiki ya arusi nilipanda juu ya mtende kuupunguza makuti makavu upendeze. Nikaliona. Katikati ya kichwa, kuti moja, upande mmoja mweupe.

Nilikaa kule juu mpaka miguu ikafa ganzi. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Nilikuwa nimekihubiri kwa Bassu miaka yote. Nishuke, niseme, ung'olewe, uchomwe, na chipukizi lake lichomwe. Na Ijja aende Amsad mikono mitupu, yatima, mama yake hana hata jani la kumsindikiza. Nikajiambia huenda ni jua. Huenda ni upepo wa jangwani. Nikalikata lile kuti, nikalishusha, nikalitia kwenye tanuri ya mikate. Liliungua kama makuti mengine. Kesho yake nilichukua mtaimbo na nyundo nikalitenganisha chipukizi na mama yake, nikalifunga kwa kamba na gunia bichi, na wanawake wakalipaka hina.

Addi alifika asubuhi ya kuondoka. Gari jeusi, dereva, kanzu nyeupe ya jalaba. Alikuwa amezeeka, televisheni huwapaka poda. Watoto wakalizunguka gari. Mimi nilimpokea mlangoni kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Karibu, Mheshimiwa Rais. Utuwie radhi, hatuna zulia jekundu. Tulikuwa na mitende, tungekutandikia makuti."

"Nimeshakaribia, shemeji," akasema taratibu. "Ijja yuko wapi?"

"Anapambwa. Kaa hapo, au kiti chetu ni kifupi?"

"Ningependa kwanza kuuona mtende wa dada."

Nilitaka kumwambia hakuna muda. Nikaona nikikataa ndio nitakuwa nimesema. Nikamfuata.

Aliuzunguka mara moja. Akavua miwani, akainua kichwa, akabaki ametazama pale pale. Kisu changu kilikuwa kimeacha alama mpya ya rangi ya maziwa, juu, katikati, mahali ambapo mtu hapunguzi kuti lililo zima. Makuti makavu hukatwa chini.

"Shemeji, pale umekata nini?"

"Kuti."

"Kavu?"

"Kavu."

"Pande zote mbili?"

Ngoma ilikuwa imeanza nyumbani. Akaja akasimama karibu yangu, akaongea chini kama mtu aliye msikitini.

"Faska, chipukizi liko wapi?"

"Limeshapakwa hina."

"Lisiende."

"Nenda kamwambie Ijja. Wewe ndiye mjomba mtu, wewe ndiye daktari. Ingia uwaambie wanawake wavunje ngoma. Si unajua kusema? Au ulijua kuandika tu?"

"Unajua kwamba mimi sina haki ya kukuhukumu wewe."

"Basi usinihukumu." Na hapo sauti yangu ikanisaliti. Nilimshika mkono, mimi niliyeukwepa mkono wake mazikoni. "Shemeji, nakuomba. Arusi ipite tu. Nitabaki Amsad siku chache, nitaling'oa mwenyewe, nitasema limenyauka. Mapya hunyauka. Hakuna atakayejua. Wacha mtoto aingie kwa watu na kitu cha mama yake."

Aliniangalia. Nilisikia mwenyewe nilichosema. Ipite tu. Yule bwana mkuu wa wilaya angeweza kuwa amesimama pale kisimani amevaa kanzu yangu.

"Utaling'oa?" akauliza.

"Wallahi."

Akavaa miwani. "Haya," akasema. Na aliposema haya, nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba amekubali haraka vile. Moyoni nikasema, unaona, ndiye yule yule.

Tukavuka mlima na msafara wa magari na pikapu. Chipukizi lilikuwa mbele, juu ya pikapu, limefungwa kitambaa chekundu kama mtoto wa kutahiriwa. Amsad wakatupokea kwa tende na maziwa. Kisha Bi Hadda akalichukua chipukizi mikononi mwake mwenyewe, wanawake nyuma yake wanaimba, akaenda nalo moja kwa moja mpaka kichwani mwa mfereji, pale maji yanapotoka mlimani kabla hayajagawanywa, akalilaza majini.

"Linywe maji ya wakwe usiku kucha," akasema, "kesho likipandwa lisijione geni."

Sikujua. Sisi Tazarut hatufanyi hivyo. La kwetu hukaa kwenye beseni. Maji yale yanakwenda kila shamba la Amsad. Gunia lilikuwa na udongo wa kwetu. Niliuona ukiyeyuka, ukiteleza na maji, mwekundu kidogo, halafu hauonekani. Nikamtafuta Addi. Alikuwa ng'ambo ya mfereji, amefumba macho.

Tungeweza kusema hapo hapo. Wawili tulikuwa, tuna midomo. Yeye alinitazama, mimi nikamtazama, kila mmoja anamsubiri mwenzake kama wanaume wawili mlangoni, pita wewe, hapana, pita wewe. Kisha mtu akatuita tukale.

Kulala hatukulala. Tuliwekwa chumba kimoja, wakubwa wa upande wa bi arusi. Kila mmoja aligeukia ukuta wake.

Asubuhi watu walijaa shambani kwa Bi Hadda. Shimo lilikuwa refu, zuri, amelitia samadi ya kondoo. Ijja alisimama pale na nguo zake za arusi, macho yamevimba kwa furaha na usingizi. Alishika kuti la chipukizi kama mtu anayeshika mkono wa mtu. Vijana walikuwa wanapiga picha kwa simu, maana si kila siku rais wa chuo kikuu anakuja kupanda mtende Amsad. Bi Hadda akampa ndoo.

"Mheshimiwa, wewe ndiye mgeni wetu mkubwa na ndiye damu ya marehemu. Tia maji ya kwanza. Na uwe mtaratibu, hapa husahihishi mtihani wa wanafunzi."

Watu wakacheka. Addi hakuinua ndoo. Aliiweka chini.

"Lisipandwe," akasema.

"Kwa nini?"

"Mtende lilikotoka una bayudi."

Ngoma ilikuwa bado inapigwa huko nyuma. Mtu akawanyamazisha. Bi Hadda akamsogelea.

"Umejuaje?"

"Niliuona jana asubuhi. Mimi ni mtu wa mimea, niliuona nikajua."

"Jana," akasema Bi Hadda. "Na mimi nililitia kwenye maji yetu jana jioni. Ulikuwa umesimama wapi?"

"Nilikuwa nimesimama pale pale, mama. Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

Hapo nilikuwa hatua chache kutoka kwake. Nilijua sasa atageuka, ataninyooshea kidole, atasema, muulizeni huyu, muulizeni kuti liko wapi. Nilikuwa nimeshajiandaa hata. Addi hakunigeukia. Alimtazama Ijja.

"Sikutaka kuiharibu arusi. Ni kosa langu. Faska hakujua. Alinikabidhi mimi niutazame mtende, nikamwambia uko sawa."

Basi. Lilikuwa rahisi hivyo. Watu wote wakanigeukia kwa huruma. Mzee mmoja wa Amsad akanishika bega, akasema, "Pole, mkwe. Hao ndivyo walivyo." Nilifungua mdomo. Ijja alikuwa ameliachia kuti. Alimwambia mjomba wake, bila kupaza sauti, "Ulituua mara ya kwanza. Mama akakunywesha chai. Sasa umenifuata mpaka huku." Nikaufunga mdomo.

Walilichoma chipukizi pale pale, na shimo wakalichomea ndani. Wanaume wakakimbia kufunga mfereji. Addi akawaelekeza nini kifungwe, nini kisiguswe, wanamtii na kumtukana kwa wakati mmoja. Mimi nilirudi Tazarut nikaukata mtende wa Tuda kwa shoka, nikauchoma, na watu walikuja kunisaidia wakisema masikini Faska.

Picha za simu zilifika kila mahali. Rais wa chuo alijua, akanyamaza. Yalitafutwa na ya zamani, ya sikukuu ya tende, yakapatikana. Wakubwa wake, wale wale wanaopenda watu wanaosubiri, wakamwona sasa ni aibu kwao. Muda wake ukakatizwa kabla haujaisha. Aliomba kurudi kituoni, kwenye miche, wakampa chumba kisicho na dirisha. Haya aliniambia mwenyewe, maana anakuja. Kila baada ya muda anakuja Amsad kwa basi, anakagua mtende mmoja mmoja pembezoni mwa mfereji, kwa mikono, kama zamani. Wanamwacha kwa sababu wanamhitaji. Lakini hakuna anayemkaribisha chai, na katika nchi hii mtu asiyekaribishwa chai ni kama ameshazikwa. Hukaa chini ya ukuta, anakula mkate wake kutoka mfukoni.

Nilimfuata siku moja pale ukutani.

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Vipi?"

"Unajua vipi."

Alimeza kwanza. "Wewe una binti wa kumtembelea. Mimi ningebaki na nini, kiti?" Akafuta makombo kwenye goti. "Mara ile nilinyamaza nikapewa cheo. Nilikuwa nadaiwa kitu, shemeji. Si na wewe."

"Nitawaambia."

"Ukitaka, waambie. Usifanye kwa ajili yangu."

Nikaondoka nimekasirika, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Kwa Bassu bado wananichokoza niwaeleze habari za Mheshimiwa. Nasema kichwa kinauma. Wanasema, masikini, amechoka kusalitiwa.

Mpaka sasa Amsad hakujatokea kuti jeupe. Addi anasema haitoshi, ugonjwa huo hulala ardhini, tungoje. Kila ninapokwenda kwa binti yangu natazama juu kabla ya kumtazama yeye.

Juzi Ijja alikuwa na karamu ya mtoto, siku ya saba, mtoto wa kike. Walichinja. Niliketishwa mahali pa juu, mto nyuma ya mgongo, Bi Hadda ananichagulia vipande vya nyama kwa mkono wake. Mtoto wakamwita Tuda. Nilikuwa nimempakata alipoingia Bihi kutoka nje, akasema chini kwa chini, "Yule bwana yuko mlangoni. Ameleta sukari."

Kwetu mtu huja kwenye karamu ya mtoto na sukari, ile ya kipande kirefu iliyofungwa karatasi ya buluu. Anayeipokea sukari yake amempokea na yeye.

Bi Hadda akasema, "Sukari gani. Mwambie aende akahesabu mitende." Ijja alinitazama mimi. Uso ule ni wa mama yake, ila mama yake asingehitaji kuuliza.

"Baba," akasema, "wewe ndiye aliyeumizwa kuliko sote. Ukisema aingie, ataingia."

Kupitia mlango nilimwona. Alikuwa amesimama kwenye jua, viatu vina matope ya mfereji, ameishika ile sukari kwa mikono miwili. Alikuwa hatutazami sisi. Alikuwa anatazama makuti ya mtende wa uani, anayasoma, kazi yake.

Mtoto alikuwa mwepesi mapajani mwangu. Wote walikuwa wananingoja.

"Nyumba ni yako, mwanangu," nikasema.

Ijja akamtikisia kichwa mumewe. Bihi akatoka. Sikusikia walichosemezana. Nilimwona Addi akiinama, akaiweka sukari chini ukutani, kwenye kivuli ili isiyeyuke, kisha akaelekea mferejini. Bi Hadda akasogeza sinia mbele yangu akasema kula, mkwe, kula, umekonda. Nikala.